Utumbo Ulionyamaza

Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo machinjioni. Ng'ombe akishachinjwa na kupasuliwa, yeye ndiye aliyeupokea utumbo ungali moto, ukijinyonganyonga mikononi mwake kama haujapata habari za kifo. Wenzake walimwita Bwana Mrija.

Asubuhi hiyo mdogo wake, mchuna ngozi wa hapohapo, alimfumania mke wake mwenyewe getini akicheka na wapagazi. Akampiga ngumi ya mdomo. Jino likaruka. Akamkamata nywele, akambamiza ukutani.

"Mwache," Bwana Mrija alisema.

"Wewe osha mavi yako, kaka."

Pale machinjioni hakuna tusi linalozidi kuchapwa usoni kwa utumbo usiooshwa. Bwana Mrija alimchapa nao, mara mbili, wachinjaji wote wakiona. Kicheko kilipolipuka, kisu cha kuchunia kilishaingia chini ya kitovu cha kaka mtu, kikapanda.

Daktari alishona alipoweza kushona. Sehemu nyingine aliikata akaitupa.

"Na huo utumbo uliobaki, mbona umelala?" Bwana Mrija aliuliza. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ubao, na kila pumzi ilimkata upya.

"Ndani ya ukuta wa utumbo kuna seli za neva, mzee. Zinatandaza nyuzi mpaka kwenye utando wa ndani. Zenyewe ndizo zinazouambia utoe maji, zinazousaidia kupona, na ndizo zinazousukuma utumbo. Haziningoji mimi wala kichwa chako. Zimepata mshtuko, zimezira."

"Zisipoamka?"

"Basi tutakupoteza. Zikiamka, utajamba."

Shemeji yake alikaa kando ya kitanda, mdomo umeumuka. "Usife, shemeji. Ukifa, yule atanyongwa, na ukoo mzima utasema nimewaua wawili."

"Nijambe kwa ajili yako, basi."

"Jamba hata kwa ajili ya adui."

Siku ya nne maumivu yalimvamia kama teke la fahali. Alilia, akang'ata shuka, nyuzi za mshono zikavuja damu. Kisha kukatoka mlio mrefu, wa aibu, na wodi nzima ikageuza shingo.

Shemeji alisimama huku machozi yakimtoka. "Nakimbia kituo cha polisi, nimwambie mdogo wako. Anajua wewe ni wa kufa. Hali chakula, hapati usingizi."

Bwana Mrija alimshika kiganja.

"Kaa, shemeji yangu. Utakwenda kesho. Hofu umelala nayo wewe miaka yote. Leo mwachie yeye."

Akakaa.