Nusu Sentimita ya Mama Mkasi

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Mama Mkasi alipokuwa binti wa miaka kumi na saba, fundi aliyemlea kwenye ushonaji alimfundisha kukata sketi ya duara.

“Kunja kitambaa kiwe tabaka nne. Pima kiuno, gawa kwa sita, toa nusu sentimita, kisha upime kipimo hicho kutoka kwenye kona ya mkunjo na ukate.”

“Ile nusu ya nini, mama?”

“Ya mshono. Mshonaji haulizi, hukata.”

Kabla mvua hazijakatika alikabidhiwa kitambaa cheupe, akate sketi ya kuzunguka ukingo wa meza kubwa ya duara. Mzingo wake ulikuwa sentimita mia mbili sitini na nne. Alifuata kanuni neno kwa neno, lakini sketi ilipovishwa ikapwaya, kiganja kizima kikapita. Mwalimu wake akatamka mbele ya mteja: “Mkono wako umepinda.”

Neno likitoka halirudi. Kwa miaka arobaini Mama Mkasi alishona sketi zilizokaa viunoni kama pete chandani, ila meza ya duara hakuigusa tena. “Meza mpelekeeni seremala,” alizoea kujibu, watu wakacheka.

Ndipo mwenye mgahawa wa jirani akataka meza zake tano zivishwe sketi. Alimpa hadi Ijumaa aamue, na jibu la kukataa lilikuwa tayari mdomoni.

Alhamisi alasiri mjukuu wake alikunjua daftari la hesabu juu ya meza ya kukatia.

“Bibi, mzingo wa duara ni sitini na sita. Nusu kipenyo ni ngapi?”

“Kumi na nusu,” akajibu, mguu haujatoka kwenye cherehani.

“We bibi! Umechungulia majibu nyuma ya kitabu?”

“Nichungulie nini? Hicho si kiuno cha dada yako?”

“Haya, mia moja thelathini na mbili.”

“Na hicho cha nani, cha kiboko? Ishirini na moja na nusu.”

“Umekosa. Ni ishirini na moja kamili.”

Cherehani ikanyamaza. Mjukuu akamwonyesha njia, mstari kwa mstari: mzingo ni mbili mara pai mara *r*, yaani nusu kipenyo; pai ni ishirini na mbili kwa saba, basi *r* ni mzingo mara saba, gawa kwa arobaini na nne.

“Ukigawa kwa sita, duara la kwanza unatoa nusu, hili unatoa moja. Duara likikua, cha kutoa nacho kinakua.”

“Kumbe si ya mshono?”

“Mshono haumo kabisa, bibi.”

“Nifanyie mia mbili sitini na nne.”

“Arobaini na mbili.”

Yeye alikuwa amekata arobaini na tatu na nusu. Alikilaza kiganja juu ya meza, akakitazama kitambo.

“Marehemu mwalimu wangu,” akasema taratibu, “alikuwa amepima viuno tu.”

Ijumaa alimwambia mwenye mgahawa alete kitambaa. Mzingo wa kila meza ulikuwa sentimita mia mbili ishirini. Mama Mkasi akaandika kwa chaki nyuma ya mlango: *mara saba, gawa kwa arobaini na nne*. Akakunja kitambaa kikawa tabaka nne, akapima thelathini na tano kutoka kwenye kona ya mkunjo, akakata.

Jumamosi asubuhi aliivisha meza ya kwanza, akajaribu kupenyeza kiganja ukingoni. Hakikupita. Akachukua kitambaa cha pili.