Ubao wa Maximilian na Mkewe

Mwalimu Epifania wa kijiji cha Pito alikuwa na kitabu kikuukuu chenye picha ya mtu na mkewe, wamekonda, wameketi mezani penye sahani tupu. Mchoraji wake, aliyekuja kuwa maarufu, aliichapa ujanani alipokuwa fukara.

Mwaka mahindi yalipokauka, Epifania aliwaomba jirani zake, Maximilian na Mariana, waketi vivyo hivyo. Akawachonga kwenye ubao kwa patasi ndogo, akapaka wino, akalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

Mariana alipoiona picha, uso ulimbadilika. "Mwalimu, mbona mume wangu hanitazami?"

"Nimechonga nilichokiona, dada. Muda wote alikuwa akitazama mlango."

Juma lililofuata Maximilian aliaga kwenda Kasanga kubeba mizigo bandarini, arudi kabla ya kupanda. Mvua zikanyesha, watu wakapanda, wakapalilia. Waliotoka Kasanga walisema hawakumwona mtu kama huyo.

Ndipo Mariana akamrudia mwalimu. "Chonga tena, umgeuze anitazame."

"Mti ukishachongwa haurudi, Mariana."

Mariana aliupapasa ubao, kidole kikakwama kwenye macho ya mumewe. "Basi usimchonge mtu mwingine hapa Pito," akasema polepole, akaondoka bila kuaga.

Epifania hakuamini kwamba picha inaweza kumwondoa mtu. Lakini tangu siku hiyo, akipita na daftari lake la kuchorea, kina mama huwaita watoto ndani na kufunga milango. Naye mwenyewe, kila akishika patasi, huiweka chini tena.