Gauni la Mama na Landrova ya Baba

Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa kwa mara ya kwanza hutoa harufu nzito, kama chungu kipya kilichotiwa maji kabla hakijapoa. Ukichanganya harufu hiyo na ya oili iliyoungua na turubai bichi, hunirudisha papo hapo nikiwa na miaka kumi, nimelala nyuma ya Landrova ya parokia, nikihesabu misumari ya paa. Siku hizi kutoka Tabora kwenda Nzega ni lami tupu. Ninapopita karibu na Puge naendesha mwenyewe, kioo kimefungwa, na ile mbuga iliyokaribia kunimaliza naipita kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha. Hata hivyo hupunguza mwendo kila mara. Mguu wangu wa kulia wenye vidole vitatu hupunguza wenyewe.

Baba yangu, Kasimiri, alikuwa dereva wa parokia yetu. Alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa pale pale, mrefu, mwenye kupenda kusifiwa, na kitu alichokipenda kuliko vyote, nasema hivi bila kinyongo ingawa kinyongo nilikuwa nacho kwa miaka mingi, ni ile Landrova. Aliiosha kila jioni. Aliifungua na kuifunga mwenyewe kwa spana mbili na waya wa uzio, na ilipokataa kuwaka asubuhi za baridi alikuwa akiinong'oneza kwa Kinyamwezi, lugha ambayo kwetu watoto aliitumia kwa kugomba tu. Kwa maoni yake dunia nzima ilikuwa na gari moja, mengine yalikuwa mikokoteni iliyopata bahati ya kutiwa injini.

Mpinzani wake alikuwa Ndahani, Mgogo wa Dodoma, dereva wa mradi wa visima uliopiga kambi karibu na kijiji chetu. Yeye aliendesha Landkruza nyeupe yenye ule mrija mrefu wa kuvutia hewa uliopanda ubavuni hadi juu ya paa, ambao kwa ajili yake watu waliiita mkonga. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, na babu zao wakiwazuia njiani mpaka watoe hongo ya nguo ndipo wapate maji. Kwa hiyo Ndahani hakuwa na jina kwetu. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Mtani, na mtani ana haki ya kukwambia lolote, popote, hata msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Kila Jumapili baada ya misa ubishi ulianza. Magari mawili yaliegeshwa ubavu kwa ubavu mbele ya kanisa, na watu walichelewa makusudi kwenda nyumbani. Baba angefungua boneti na kueleza jinsi bodi ya Landrova isivyoota kutu, jinsi fundi yeyote mwenye nyundo anavyoweza kuitengeneza, jinsi ilivyofika vijiji ambavyo hata posta haikuvijua. Mtani angemsikiliza kwa heshima zote, kisha aseme, akianza na salamu ya kwao, "Mbukwa, Kasimiri. Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, na wewe leo unabebana na chuma cha Mwingereza. Kwenu mizigo haiishi?" Watu wakacheka. Baba akajibu kwamba Mjapani ametengeneza gari la watu wavivu, ukikaa ndani yake unasahau hata kushika gia, na kwamba Mgogo analipenda kwa sababu lina mrija wa kunusia misafara ya kuitoza hongo. Mtani akapiga paja. Sisi watoto tuligawanyika, na mimi, bila shaka, nilikuwa Landrova hadi kwenye mifupa. Nilimpiga kibao rafiki yangu kwa sababu alisema Landkruza ina injini tamu zaidi, na nilijua moyoni kwamba ilikuwa nayo.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa fujo. Jumapili moja, mvua ikiwa imeshakata barabara nyingi, Mtani alimuuliza Baba kama angethubutu kuivuka mbuga kwa njia ya mkato. Baba alipanda juu ya ngazi ya kanisa. Alisema Landrova yake inavuka mbuga ile hata mvua iwe ya siku arobaini, na siku atakayovutwa au kupakiwa na Mjapani, siku hiyo atavaa gauni la mke wake na kuja nalo misani. Watu walishangilia mpaka katekista akatoka kuangalia kuna nini. Mama, aliyekuwa amesimama na kapu lake, hakucheka. Alisema tu, "Gauni lenyewe ni hili hili moja," akatangulia nyumbani.

Siku nne baadaye nilikanyaga kifutu. Nilikuwa nakata majani ya viazi pembeni ya jaruba la mpunga, alasiri, jua limetoka kidogo baada ya mvua, na nyoka yule mnene mvivu alikuwa anajianika. Sikuona meno yake, niliona tu mguu wangu kama si wangu. Kufikia wakati Baba alipowasha gari ulikuwa umevimba hadi gotini. Mama alinilaza nyuma, akaketi kichwani pangu, akanishika masikio kwa mikono yote miwili kana kwamba roho hutokea huko.

Kwenda hospitalini Nzega kulikuwa na njia mbili. Barabara kuu ilizunguka mbali lakini ilikuwa ya changarawe. Ya mkato ilipita katikati ya mbuga. Nilisikia Mama akisema, "Pita barabarani, Kasimiri," na nilisikia gari likikata kona kushoto, kuelekea mbugani. Nataka niwe wa haki hapa. Landrova haikuwa na kosa. Lile tope lingemeza chochote chenye magurudumu, hata treni. Aliyekosa ni mtu aliyeahidi juu ya ngazi ya kanisa.

Tulizama katikati. Baba alichimba kwa jembe, akakata matawi ya miiba akayatandika chini ya magurudumu, akarudi usukani, akazama zaidi. Ndipo nikasikia injini nyingine, ile tamu, ikisimama nyuma yetu kwenye ardhi ngumu. Mtani alikuwa amepata habari kijijini akatufuata. Alikuja kwa miguu, tope hadi magotini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akizungumza bila mzaha. "Nipe mtoto, Kasimiri. Nampitisha barabarani. Gari tutalitoa kesho." Baba akajibu, "Dakika tano tu. Linatoka sasa hivi." Mtani akachukua jembe, akachimba naye. Kisha akasema tena. Baba akajibu tena dakika tano. Sijui dakika tano ziliitwa mara ngapi. Nilikuwa nimefumba macho kwa maumivu, na wote watatu walidhani nimezimia. Sikuzimia. Nilisikia kila neno.

Aliyemaliza ule mchezo ni Mama. Alishuka, akanivuta mgongoni mwake, mimi mtoto wa miaka kumi mwenye miguu mirefu, akanifunga kwa kitenge kama kichanga, akaanza kutembea kwenye tope kuelekea Landkruza. Baba akamwita. Mama hakugeuka. Alisema, "Gauni ninalo la kukuazima. Mtoto sina." Kisha nikasikia mlango ukifungwa, na baada ya muda mrefu kidogo, mlango wa nyuma ukifunguliwa na mtu aliyelowa akipanda.

Walinikata vidole viwili. Muuguzi alisema laiti tungewahi kidogo, kisha akamtazama Baba usoni akaongeza kwamba hata hivyo kifutu ni kifutu, hakuna ajuaye. Nami sijui. Huenda vidole vile vilikuwa vimekwenda tangu jarubani. Lakini mtoto hapimi hivyo, na nilimkasirikia baba yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa, kimya kimya, kwa sababu yeye hakujua kwamba najua. Kila aliposimulia kisa kile alisema, "Mvua ilituchelewesha," na mimi niliinamisha uso sahanini.

Mengine alinisimulia Mama nilipokuwa mkubwa. Mtani alirudi mbugani alfajiri ya siku ya pili yake akaivuta Landrova peke yake, akaiosha mtoni, akaiegesha kwetu kabla kijiji hakijaamka. Jumapili iliyofuata Baba alikwenda kanisani na gauni la Mama limekunjwa kwenye mfuko, chini ya kiti. Alikuwa tayari. Baada ya misa watu wakakusanyika kama kawaida, Mtani akaja, akasema mbukwa, akauliza hali ya mtoto, kisha akaanza kuisema Landrova kwamba kwa matone yake ya oili Kasimiri hapotei kamwe njia ya kurudi nyumbani. Watu wakacheka. Lile gauni lilirudi nyumbani ndani ya mfuko wake. Katika miaka yote iliyofuata Mtani alimtania Baba kuhusu kila kitu alichokuwa nacho na asichokuwa nacho, ila hilo.

Baba alifariki mwaka jana, mzee wa kutosha. Landrova ilikwishauzwa kama vyuma chakavu zamani. Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu ndogo ya kukodi ya Kichina ambayo wale wawili wasingeipa hata salamu. Tulipotaka kuondoka, mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo alisimama katikati ya njia. "Msafara wa Wanyamwezi haupiti hapa bila hongo," alisema, na waombolezaji, ambao macho yao yalikuwa bado mekundu, wakaanza kucheka. Mtani alikuwa amesafiri kutoka Dodoma na miguu yake ile mibovu.

Akaanza. Alimsema marehemu kwa sauti, maringo yake, spana zake mbili, jinsi alivyokuwa akilinong'oneza gari kuliko mkewe. Kisha akasema, "Na siku ile pale mbugani, mtoto alipoumwa na nyoka." Mama, kwenye kiti chake, aliinua kichwa. Mtani hakunitazama. "Landrova yake ikazama. Nikaja na mkonga wangu kumwokoa, kwa majivuno, na mimi nikazama hadi milangoni. Mwingereza na Mjapani, wote chali! Tulivutwa na ng'ombe, ndugu zangu. Ng'ombe!" Watu walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja akanigeukia. "Rejina, si ulikuwamo? Ni kweli?"

Ndipo Mtani aliponitazama, na nikajua kwamba siku ile alijua sikuzimia. Nilivua kitenge changu begani, nikapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Mtani. Pokea hongo, tupitishe." Akakipokea kwa mikono miwili. "Marahaba, mwanangu." Kisha nikawageukia wale watu, na kwa sauti ambayo hata aliyekuwa kwenye pikapu angeisikia, nikasema ni kweli, walikuwa ng'ombe wanne, na aliyetangulia alikuwa mweusi mwenye baka jeupe usoni.