Mchezo Usiokuwa na Ng'ambo

Kila ninapofungua kompyuta ya zamani ili kuisafisha, harufu hunipokea kabla sijatoa skrubu ya pili. Ni harufu ya vumbi lililopikwa. Vumbi jekundu la mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, hukaa juu ya feni kwa miaka, likipata moto kidogo kidogo, mpaka linanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wateja huziba pua. Mimi husimama kidogo, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha kwenye chumba cha nyuma cha sekretaria ya mjomba wangu. Humo nilipitisha wiki nyingi za utoto wangu pamoja na wavulana wawili, tukiangalia vita vya mashine kwenye sayari isiyo na mti hata mmoja.

Sekretaria, kwa msomaji asiyetoka kwetu, ni duka la kuchapisha barua na kutoa nakala. Ya mjomba ilikuwa na chumba cha mbele kwa ajili ya wateja, na cha nyuma kisichokuwa na dirisha, chenye bati lililolia kila jua lilipopanda. Mama alitupeleka humo mimi na kaka yangu Wilondja wakati watu wenye bunduki walipokuwa wakikamata vijana barabarani na kuwabebesha mizigo kwenda milimani. Sitasema walikuwa nani. Watu walibadilika, mizigo ilikuwa ileile. Baadhi ya vijana walirudi na mabega yaliyochubuka, na baadhi hatukuwaona tena.

Wilondja alikuwa ameanza kuota ndevu, na alikuwa mrefu kuliko umri wake. Siku zote urefu huo ulikuwa fahari ya Mama, isipokuwa msimu ule. Pamoja naye alifichwa Etabo, mtoto wa jirani, mfupi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Mimi nilikuwa katika umri ambao msichana anaweza kupita na ndoo bila mtu kugeuza kichwa, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuleta maji na kurudi na habari.

Mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli upande wa nje, ili wapita njia wadhani mwenye duka amesafiri. Mlango wa nyuma ulitokea kwenye kiwanja kidogo chenye uzio wa matete. Mjomba aliweka kiti chake ndani, mbele ya mlango huo, mgongo wake ukiegemea ubao wa mlango. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imeshikiliwa kwa waya. Wilondja angeweza kumwinua yeye na kiti chake na kuwaweka pembeni. Sote tulijua hivyo, na mjomba alijua kuliko sisi.

Na Wilondja alitaka kutoka. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepata nafasi kwenye mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kila siku aliyokaa ndani aliwaza kwamba kijana mwingine ameshika kasia lake.

"Mujomba, leo njo natoka," alisema kila asubuhi.

"Kula kwanza," mjomba alijibu kila asubuhi.

Siku moja mjomba alichoka na mazungumzo hayo. Akatoa kwenye droo CD aliyoachiwa na kijana mmoja kutoka Uvira, akaiingiza kwenye mashine, iliyopata umeme wa bateri na panno, ile sahani ya jua iliyokuwa juu ya bati. Akatuambia kwamba ni mchezo, na kwamba walioutengeneza wanaugawa bure kwa dunia nzima.

Neno "bure" lilileta mjadala. Vitu vya bure tulivyovijua vilishushwa kutoka kwenye lori: unga, ndoo, shiti la plastiki. Kwa kila kimoja ulipanga mstari na jina lako likaitwa vibaya.

"Bure ya namna gani?" Etabo aliuliza. "Hakuna hata mustari? Ile kitu itakuwa imeoza."

Haikuwa imeoza. Kwenye skrini ilitokea nchi ya rangi ya kutu, milima mikali, na ziwa la kijani lisilotikisika. Katikati alisimama mtu mkubwa wa chuma. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu, kwa hiyo tulivipa vitu majina yetu wenyewe. Mtambo uliochimba madini tuliuita Lulimba, kwa sababu huko ndiko watu wetu walikokwenda kuchimba dhahabu. Mashine yenye miguu mingi ilikuwa kaa. Zile ndogo za manjano zilizojenga, zilizookota vyuma na kurekebisha kila kilichovunjika bila kupumzika, Wilondja alizitazama kidogo tu akasema, "Hizi ni bamama." Zikabaki bamama, yaani akina mama.

Sauti ilizimwa kabisa. Milipuko ilikuwa mwanga tu kwenye nyuso za wavulana. Ndani palinuka jasho, ndagala na lile vumbi la moto.

Mjomba alikuwa na sharti moja. Kila mchezo ulipoanza upya, yeye ndiye aliyekaa kwanza mbele ya mashine, bega lake likikinga skrini, akabonyeza anavyojua, kisha akawaachia. "Ukurasa wa kwanza ni wangu," alisema. Wavulana hawakubishana. Walidhani ni heshima ya mwenye nyumba.

Siku ya pili Wilondja aliweka sharti lake. "Mujomba, sikia. Siku tutamushinda huyu adui, unatoka kwa kile kiti. Mi naenda."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mukishinda, mi mwenyewe nitafungua mulango."

Nilishangaa. Mjomba hakuwa mtu wa kutoa neno lake ovyo.

Hawakushinda. Siku baada ya siku, kabla hawajajenga nusu ya walichokusudia, adui alitokea nyuma ya milima na kaa wake, akaja moja kwa moja kama mtu anayejua nyumba. Na hapo wavulana walifanya kosa ambalo nadhani mchezaji wa nchi nyingine asingelifanya. Hawakupigana. Mara tu adui alipoonekana waliacha vifaru vyao visimame bure, wakakusanya bamama wote na kuwakimbiza. Hakuna aliyewafundisha. Sisi sote tulikuwa tumekua tukijua kwamba risasi ikisikika unachukua watoto, godoro na sufuria, unashuka ziwani. Waliwashusha bamama mpaka kwenye lile ziwa la kijani, wakawapanga ukingoni, wakasubiri.

"Boti iko wapi?" Etabo alinong'ona, akihangaisha kipanya huku na huku.

"Tafuta ngambo," Wilondja akajibu.

"Nimetafuta. Hakuna ngambo. Maji inaisha, kisha ni giza tu."

Kwetu ng'ambo, upande wa pili wa ziwa, ni Tanzania. Wengi wetu tulikuwa tumeshavuka na kurudi. Lakini ramani ile ilikuwa na ukingo mweusi pande zote, na mashine zikifika hapo zilikanyagakanyaga papo hapo, zikisukuma hewa, mpaka kaa walipozifikia.

Hukumu yao juu ya mchezo ilikuwa kali. Etabo alisema waliouunda hawajawahi kukimbia hata siku moja. "Ona, wameweka nyota, wameweka mwezi mbili. Njia ya kutokea wamesahau!" Wilondja alisema adui anaiba, hachezi kwa haki. Mimi niliuliza mbona hakuna watoto mle ndani, wala soko, na wale wa chuma wanagombania nini.

"Nyamaza, lete maji," Etabo akasema.

Kwa kuwa nilikuwa natazama tu, niliona mengine. Niliona adui alipitia njia mbili zilezile. Mchana mmoja nikamwambia kaka yangu, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu: "Yaya, usikimbize bamama. Bajenge ukuta pale kwa mulima, halafu barekebishe vifaru."

"Bamama wabaki kwa vita?"

"Ni mashini tu, Yaya."

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu. Lakini alijaribu. Ukuta ulisimama. Kaa walivunjika mbele yake, bamama wakaokota vyuma vyao na kujenga zaidi. Vifaru vyetu vikavuka mlima kwa mara ya kwanza, tukaona mji wa adui, taa zake nyekundu, zikianza kuzimika moja moja.

"Mujomba," Wilondja alisema bila kugeuka, "anza kuondoa kiti."

Skrini ikawa nyeusi.

"Wingu," mjomba alisema kutoka kwenye kiti chake, karibu na bateri. "Limefunika panno."

Nilitazama kupitia chumba cha mbele, chini ya mlango wenye kufuli. Mstari wa jua ulikuwa pale pale, mweupe kama kawaida. Sikuelewa nilichokiona.

Wilondja alisimama. Kichwa chake kilikaribia kugusa bati. "Tulikuwa tumeisha kushinda. Umeona mwenyewe. Toka kwa mulango."

"Kaa, mutoto wangu."

"Toka!"

Alimshika mjomba mabegani. Wakati huohuo mstari wa jua chini ya mlango wa mbele ukakatika. Miguu. Mtu alitikisa kufuli, ikagonga ubao. Sauti ikasema, "Huyu alienda." Nyingine ikacheka. Kisha tukasikia mvulana, karibu kabisa, sauti yake bado haijakomaa, akimsihi mmoja wao kama anayemwita baba: "Papa, hii ni nzito, nitaanguka." Akajibiwa kwa pigo. Tulilisikia kwenye mgongo wake.

Wilondja hakuondoa mikono mabegani mwa mjomba, lakini haikuwa inasukuma tena. Etabo alikuwa ameuma kola ya shati lake. Harufu ya vumbi la mashine iliyokuwa ikipoa ilijaa chumbani. Miguu ilikwenda. Jua likarudi chini ya mlango, na kaka yangu akaketi sakafuni, magoti yakiwa juu, akionekana mfupi kama Etabo.

Kisha akasema, "Mujomba, wingu limetoka?"

"Limetoka."

"Basi anzisha."

Mjomba akaenda kwenye ukurasa wake wa kwanza. Hawakushinda siku ile, wala nyingine zilizofuata, na Wilondja hakutaja tena mlango mpaka Mama mwenyewe alipokuja kufungua kufuli, barabara ilipotulia.

Sekretaria ile sasa ni yangu. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua na kuzifunga, na Kiingereza kwa kusoma maandishi yaliyo ndani yake. Juzijuzi, nikitafuta kitu kingine kwenye mtandao, niliiona ile nchi ya rangi ya kutu. Mchezo bado upo, bado ni bure. Chini yake wachezaji wa dunia nzima wameandika maoni yao. Mmoja anasifu ramani, mwingine anasema kaa wana nguvu kupita kiasi. Mmoja ameandika kwamba adui ni mjinga, kwamba alimshinda huku akinywa chai. Huyo alinikasirisha. Nikaupakua ili nione alichokiona.

Ndipo nilipousoma ukurasa wa kwanza. Unauliza unataka adui wa namna gani, kuanzia yule dhaifu anayezubaa mjini kwake mpaka yule asiyekupa nafasi ya kupumua. Nilijaribu wote. Yule wa mwisho nilimtambua mara moja. Alitokea nyuma ya milima kama mtu anayejua nyumba.

Mjomba sasa ni mzee, huja kukaa mlangoni pangu akiota jua. Nilimuuliza.

"Ulitaka nibafungie na nini?" alisema. "Yule kaka yako alikuwa na nguvu kunishinda. Mi nilikuwa na kufuli moya tu, na ilikuwa inje."

Kwa miaka yote nilidhani tulifungiwa na mlango, na kwamba mchezo ulikuwa wa kutupumbaza. Kumbe mlango ulikuwa ni kile kiti tu na mtu mwembamba juu yake. Kilichomzuia Wilondja ni adui ambaye mjomba alimchagua upya kila asubuhi, bega likikinga skrini, huku akiomba adui huyo asishindwe; na siku alipokaribia kushindwa, ni mkono wa mjomba kwenye waya wa bateri.

Nilimwita Wilondja. Ana mtumbwi wake siku hizi, na mvi. Nikamweleza, nikamwekea adui dhaifu. Alicheza akiwa amesimama, bila haraka. Mji wenye taa nyekundu ulizimika wote. Neno la ushindi likajaa kwenye skrini.

Aligeuka kutazama mlango. Ulikuwa wazi, na mjomba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, pembeni.

"Anzisha tena," kaka yangu akasema, akivuta kigoda. "Uweke yule adui wa Mujomba."