Fundi na Mwiko wa Ugali

Fundi wetu haangalii injini kwanza, huisikiliza. Huomba mwiko wa ugali jikoni, mke wangu akinung'unika, kisha huweka ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni. Hufumba macho, na mdomo wake hugonga pamoja na injini: ko, ko, ko. Vita vya baada ya uchaguzi vilimtoa hapa Kimumu akakimbilia Nakuru, na trekta yangu kuukuu ikaanza kugonga akiwa huko. Mafundi wa mjini walisema ninunue injini nyingine. Nililima nayo hivyo hivyo, hadi majirani wakaijua kwa kelele zake.

Jana alirudi, mfuko begani. Simba, mbwa wetu mkali, alimkimbilia akamlamba mikono ile isiyoisha mafuta ya injini. "Mzee, nani anapiga ngoma ndani ya trekta?" aliniuliza hata kabla ya salamu. Baada ya kusikiliza kwa mwiko alilegeza paipu za dizeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma, na alipofika ya tatu kugonga kukakoma. "Injekta!" alipaza sauti, akacheza na mwiko juu. Akaifungua pua hiyo ya kunyunyizia dizeli, akaisafisha, akairudisha.

Jioni nilitoka shambani, trekta ikiimba polepole. Getini Simba aliibwekea kwa hasira, hakuitambua bila kelele zake. Fundi akatoka jikoni kwetu na kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akicheka. "Nyamaza, Simba! Huyu si mgeni, ni wa kwetu."