Nguzo ya Tatu Kushoto

Nyumba za Mji wa Kale ni nyembamba kwa sababu ya boriti. Mti wa mkandaa, aina ya mkoko, hauvuki ukumbi mpana bila kupinda, kwa hiyo wajenzi walifuata urefu wa mti. Waskoti walipojenga kanisa lao la Kipresbiteri kisiwani, mwaka 1897, walitaka ukumbi mpana. Fundi Kingi, mwashi wa kutoka Rabai, aliwapa kwa njia aliyoijua: alisimamisha safu mbili za nguzo za matumbawe, boriti zikapokewa katikati.

Waumini walilalamika kwamba nguzo zinawaficha mhubiri. Kingi na mkewe Kanze walichagua benchi lililobanwa na nguzo ya tatu kushoto, lisilogombewa na mtu. Kanze alikuwa mgonjwa wa kifua. Ibada ikirefuka aliegemeza kichwa kwenye nguzo, na mafuta ya nazi ya nywele zake yakaingia ndani ya chokaa.

Alifariki mwaka 1904. Hawakujaliwa mtoto. Kila Desemba Kingi alipaka kanisa chokaa upya, na baada ya wiki chache doa la mafuta likatokeza tena kwenye nguzo ile. Jumapili alikaa mahali pa Kanze, akaliegemea lile doa.

"Fundi, umezeeka," alimtania Nicodemus Mutunga, karani wa reli na mzee wa kanisa. "Nguzo moja inakushinda!"

"Inanishinda, Bwana Mutunga."

Mwaka 1911 mihimili ya chuma ya dari mpya ya kanisa ilishushwa bandarini Mbaraki. Haikuhitaji nguzo, na baraza la kanisa likaamua zibomolewe. Kingi akamwendea Mutunga.

"Niachieni moja tu. Ile ya tatu."

"Ishike nini, fundi? Hewa?" Mutunga alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake. "Kuna nini pale?"

"Kanze aliegemea pale."

"Baraza limeshaamua. Nitaita mwashi mwingine, wewe ukae nyumbani."

"La. Nitaibomoa mimi."

Aliibomoa jiwe kwa jiwe, kuanzia juu. Alipofika kwenye doa alijaribu kuibandua lipu ya chokaa ikiwa nzima. Ikamvunjikia viganjani, ikawa unga.

Jumapili iliyofuata watu walisifu mwanga. Kila mmoja alimwona mhubiri. Kingi alikaa pale pale. Wimbo ulipoisha aliegemea upande, kama siku zote, akayumba.

"Utaanguka, mzee!" Mama wa benchi la nyuma alimdaka bega. "Njoo huku kwetu, nafasi ipo."

"Ahsante, mama. Nimezoea hapa."