Kikombe cha Alama Nyekundu

Kwa usafi, muuza kahawa wa Wete hana mpinzani. Vikombe vya wateja wote huvichovya katika ndoo moja, maji ya tangu asubuhi. Cha Zahran tu, alichokitia alama nyekundu, ndicho hukichemsha. Zahran ana virusi vya UKIMWI na hakosi dawa. Jana alimweleza tena, kwa upole, kwamba virusi vimefubazwa, kipimo hakivioni, hamwambukizi hata mkewe, na mkewe kapima, mzima. “Na wewe, mzee wangu, ulipima lini?”

“Mie?” Akagonganisha vikombe kwa madaha. “Mie nna wake watatu wa halali, wa nne namposa huko Konde. Maradhi ntayatoa wapi?”

Zahran akainywa kahawa yake taratibu, katika kikombe pekee kilicho safi pale barazani.